Nilipoandika Mlinzi Mahali pa Polisi

Kazi ile ningeweza kuikataa siku ile ile, asubuhi, kabla chai yangu haijapoa. Bosi aliniwekea mezani mkataba wa Kiingereza wa kurasa kumi na moja, akanitaka niutafsiri kwa ajili ya vijana watakaousaini. Ukurasa wa kwanza, mahali pa kutaja kazi, paliandikwa konstebo msaidizi. Konstebo ni polisi: mtu wa kukamata, kupekua, kufunga njia, na kupiga akiamriwa. Nikaandika askari polisi msaidizi. Bosi akasoma, akacheka kwa pua.

"Likwena, ukiandika polisi utabaki na fomu zako. Andika mlinzi."

Nikaandika mlinzi. Sikushikiwa bunduki. Sikutishiwa hata kufukuzwa. Nilikata neno moja nikaweka jingine, na mwandiko wangu, kama kawaida, ulikuwa mzuri.

Nawaandikia nyie mnaosaili vijana sasa, mnaopokea vyeti kwa simu na kumwona mtu kwenye kioo kabla hamjaona miguu yake. Nimestaafu. Nakaa Chanika, nalima mihogo ambayo tumbili huionja kabla yangu. Vyeo nilivyopanda sitavitaja. Vilikuwa vya kubandikwa mlangoni, na vilibanduka pamoja na rangi. Nitasema kazi ilivyofanywa, na mahali nilipoiharibu.

Nilianza kwa kuwa mlinzi wa kweli, jambo linaloninyima kisingizio. Nilimaliza kidato cha nne kwetu kusini, nikaja Temeke kwa dada yangu Somoe, na mwezi haukuisha nikapewa lindo kwenye ghala la saruji barabara ya Pugu. Siku ya kwanza nilikabidhiwa rungu, filimbi na tochi isiyo na betri. Nikauliza betri ziko wapi.

"Kwani mwizi atajuaje kama haina betri?" akasema msimamizi.

Hiyo ndiyo elimu yangu ya kwanza ya ulinzi, na sikupata iliyoizidi. Nilijifunza kwamba mlinzi ni mtu wa kukaa. Anakaa getini, anaandika namba za magari, anajua mama ntilie gani anaweka nazi na yupi anaweka maji. Akija mtu mwenye nguvu, anapuliza filimbi na kuomba Mungu. Miaka mitatu nilikaa hapo bila kumgusa mtu. Kwa hiyo msije mkanisaidia kusema kwamba sikujua tofauti.

Mwandiko ndio uliniondoa getini. Mkaguzi alisoma daftari langu la matukio, akashangaa kukuta sentensi zenye mwanzo na mwisho, akanipeleka ofisi ya kuajiri. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu yenye ua, ndani ndani huko Temeke, na aliyetawala ua huo, akisaili vijana, alikuwa Mzee Mapande.

Mzee Mapande alikuwa sajini mstaafu, mtu wa Tunduru, mfupi, na sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya barabara bila yeye kufungua kinywa sawasawa. Vifaa vyake vilikuwa vitatu: mstari wa rangi nyekundu ukutani wa kupima urefu, ndoo ya maji, na kibao cha herufi cha kupimia macho. Ndoo ilikuwa ya miguu. Kijana alichovya mguu, akakanyaga saruji kavu, na Mzee akausoma ule unyayo kama wengine wanavyosoma gazeti. Unyayo uliojaa wote, bila ule uwazi wa katikati tunaouita tumbo, ulikuwa wa mtu atakayelalamika miguu kabla ya saa sita mchana. Viganja alivishika mwenyewe. Kisha aliwakimbiza hadi Tandika na kurudi, na waliporudi wanahema ndipo aliwauliza upya wanatoka wapi na wamewahi kufungwa mara ngapi.

"Mtu aliyechoka," aliniambia, "hasemi uongo vizuri. Usimsaili mtu aliyekunywa chai."

Siku moja kijana mmoja wa Manzese alisoma kibao chote cha herufi bila kusita, mpaka zile ndogo za chini ambazo hata mimi sizioni. Mzee akakigeuza kibao juu chini, akamwambia asome tena. Kijana akasoma herufi zile zile, kwa mpangilio ule ule. Alikuwa amekariri kwa kuwasikiliza waliomtangulia foleni. Ua mzima ulicheka, na yeye akacheka zaidi ya wote. Mzee alimpa lindo la shule ya chekechea. "Haoni," alisema, "lakini anasikia, na ana akili. Wezi wa chaki hawatamshinda." Huo ndio usaili. Mtu unamwona alivyo, kisha unamtafutia mahali panapomfaa. Miaka mingi tulifanya hivyo, na nasema kwa majivuno kidogo, tulifanya vizuri.

Halafu kampuni ikapata akili. Kampuni zikipata akili, mjue watu wataumia. Bosi, ambaye baba yake ndiye aliyeianzisha, alirudi kutoka safari moja na maneno mapya. Tukaacha kuwa kampuni ya ulinzi, tukawa wakala wa ajira za nje. Ua ulipakwa chokaa, ndoo ya Mzee Mapande ikanunuliwa mfuniko. Baada ya muda akaja mgeni wa mkataba, mtu mpole aliyekataa soda na kusema asante kwa kila kitu.

Nchi aliyotaka kuwapeleka vijana siitaji. Mkataba niliosaini unanikataza, na kuitaja kwenyewe hakuongezi kitu, maana mahali pa namna hiyo hapakosekani duniani. Iliwahi kuwa koloni. Mkoloni alipoondoka, wenyewe hawakuwahi kuketi kwenye viti. Jeshi la jirani lilikuwa limeshaingia. Limekaa mpaka leo, na kukaa kwenye nyumba ya mtu kunahitaji watu wa mlangoni. Mgeni alitaka vijana arobaini.

Masharti yake yalikuwa mepesi mno. Afya, urefu, kidato cha nne. Kisha kwenye fomu kulikuwa na maswali mawili mwishoni: je, una ndugu au rafiki nchini humo? Je, unaifahamu lugha ya wenyeji? Niliyapenda maswali hayo. Nilikuwa na vijana wawili wa Mbagala waliowahi kuishi kule wakiuza nguo, wakajua lugha vizuri. Niliwaweka juu ya orodha, nikitegemea kusifiwa. Mgeni akawakata kwa kalamu, pole pole, kama mtu anayepiga mstari chini ya jina la mshindi.

Nilimfuata Mzee Mapande uani, nikamwambia lazima amekosea safu.

"Hajakosea," akasema. Alikuwa anafuta nyayo kwenye saruji. "Wewe umesoma, hukusoma hili? Mjerumani alipokuja pwani yetu, walioshika bunduki mbele walikuwa nani?"

"Wanubi," nikasema.

"Wanubi. Watu wa mbali, hawajui shangazi ya nani anakaa wapi. Halafu Mwingereza akachukua babu zetu, akawapeleka kwa watu wengine. Anayeshika nchi ya watu huajiri mtu wa mbali mwenye njaa ya karibu. Na lugha asijue kabisa. Mtu akikwambia 'naumwa' na wewe ukasikia, mkono unalegea. Asiposikia, anaona mdomo tu unachezacheza."

"Lakini hawa ni walinzi, Mzee."

Akainua kichwa. "Nani kasema?"

Mimi ndiye niliyesema. Na hapa nieleze ujinga wetu, maana ni wa kwetu hasa. Hapa mjini mlinzi wa geti anaitwa askari, hata awe mzee wa miaka sabini mwenye rungu na redio. Askari mwenyewe wa serikali tunamwita afande. Kwa hiyo nilijiambia: mlinzi ni askari, askari ni mlinzi, maneno haya ni ndugu, sijadanganya mtu, nimehamisha tu neno kutoka chumba kimoja kwenda kingine cha nyumba ile ile. Nilijiambia hivyo kwa Kiswahili sanifu. Mwenye shule kidogo ana ubaya huo. Akitaka kujidanganya hakosi sarufi.

Mzee Mapande hakusubiri wiki ipite. Alienda kwa Bosi na kofia mkononi, na kwa kuwa sauti yake haikuwa na namna ya kunong'ona, sote tulisikia.

"Mimi nimefundisha watu kwata. Kukodisha mkono wa mtoto wa mtu sijafundisha, na sasa nimezeeka, sijifunzi."

"Mzee, unaacha kazi kwa sababu ya siasa za watu?" Bosi akauliza.

"Naacha kwa sababu miguu inauma," akasema, akaondoka na ndoo yake. Mfuniko aliuacha. Alikuwa na watoto sita na hakuwa na shamba. Mimi nilikuwa na kiwanja Chanika na mke mwenye genge linalouza. Kwa hiyo msiniambie pia kwamba nisingeweza.

Baada yake nilisaili peke yangu. Ndipo Shaibu alipoingia uani.

Shaibu ni mtoto wa pekee wa dada yangu Somoe. Kwa wasiotujua watu wa kusini: kwetu mjomba si mtu wa kuleta zawadi Idi tu. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwanamume wa ukoo ni kaka wa mama. Mjomba ndiye husema ndiyo au hapana kwenye jando, kwenye safari, kwenye ndoa. Baba yake Shaibu alikuwa mtu mwema, lakini hata yeye alipotaka kumhamisha mtoto shule alikuja kwangu kwanza. Mpaka Dar, katikati ya lami na kelele za singeli, Somoe hakuliacha hilo.

Kijana alikuwa na urefu, mguu wenye tumbo, na cheti. Alifanya kibarua Kinyerezi, kubeba vyuma huko kwenye mitambo ya gesi, kikaisha. Alikuja na mama yake. Somoe alikaa kwenye benchi la wasailiwa, akaweka mkoba magotini.

"Kaka, mtoto anasema kuna kazi ya nje. Mie sijui Kiingereza. Nimekuja nisikie kwako. Ni kazi gani?"

"Ulinzi," nikasema.

"Ulinzi kama wako ule wa saruji?"

"Ule ule. Mazingira tu tofauti."

Shaibu akacheka. "Mama, Mjomba alikuwaga anasinzia pale mpaka anaibiwa viatu."

"Niliibiwa mara moja," nikasema.

"Basi ukisema ndiyo, mie nimeridhika," akasema Somoe. Hakuuliza tena. Alisimama, akakung'uta khanga, na mimi nikasema ndiyo. Sijui kwa nini huwa nakumbuka khanga ile ilivyokuwa na vumbi la benchi letu.

Siku ya kusaini niliwasomea vijana arobaini mkataba kwa Kiswahili, nimesimama kwenye ngazi. Mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Mzee, huko tutashika silaha?"

"Mtapewa vifaa kulingana na lindo," nikajibu.

Sentensi hiyo nilikuwa nimeitunga nyumbani, nikaijaribu mbele ya kioo. Ichunguzeni. Haina uongo hata mmoja ndani yake. Mkiona mnaandika sentensi ya namna hiyo, safi kila upande, wekeni kalamu chini mkatembee.

Shaibu alinipigia wiki ya tatu, adhuhuri, nikiwa kazini.

"Mjomba, shikamoo. Hapa si getini."

"Marahaba. Ni wapi?"

"Ni barabarani. Wametupa bunduki. Kuna kizuizi, tunapekua watu. Tunapekua mpaka wakinamama, Mjomba. Wenyeji wanatutemea mate. Mwambie Bosi turudi."

Mkataba ulisema anayevunja masharti anabaki kule mikononi mwa mwajiri, na hati zao za kusafiria zilikuwa kabatini kwa mwajiri huyo huyo. Hilo nililijua, nililitafsiri mwenyewe, nikaliweka ukurasa wa tisa kwa herufi za kawaida. Ningeweza kwenda kwa Bosi. Ningeweza kwenda kwa wakubwa wa nchi, nikapiga kelele mlangoni. Nilimwambia mpwa wangu, "Vumilia. Mwaka si mrefu." Somoe aliponiuliza mtoto anaendeleaje, nikamwambia wanapangiwa zamu, bado hawajazoea.

Mwaka ulipoisha waliongezewa mwingine. Hakuna aliyeulizwa.

Aliporudi hakuja kwangu. Nilisikia yuko Manzese, anafanya kazi kwenye karakana ya kunyoosha mabodi ya magari. Nilipanda mwendokasi nikaenda. Nilimkuta ameinama juu ya mlango wa gari, ananyoosha kwa nyundo ya mpira. Aliniona, akaendelea kugonga mpaka akamaliza bonde alilokuwa nalo.

"Karibu, mzee," akasema.

Hakusema mjomba, wala shikamoo. Alinipa kiti, maana Somoe alimlea vizuri.

Nikamwuliza habari. Nikamwuliza afya. Nilikuwa karibu kumwuliza chakula cha kule kilikuwaje.

"Nikusimulie kitu kimoja," akasema, "halafu uende, nina gari la watu hapa. Kulikuwa na amri, mazishi yasizidi watu kumi. Siku moja wakaja kizuizini, zaidi ya hamsini, wamebeba jeneza. Mbele kulikuwa na mzee, umri kama wako. Akawa ananiambia kitu. Anasema, anasema, ananionyesha kwa mkono pembeni, kwenye ukuta. Mie sijui hata neno moja. Ofisa nyuma yangu anapiga kelele mrudishe, mrudishe. Mzee hanyamazi. Nikampiga kwa kitako cha bunduki, hapa." Akagusa shingo, chini ya sikio. "Akaanguka. Na jeneza likaanguka."

Akapangusa mikono kwenye suruali.

"Jioni nikamwuliza mkalimani. Yule mzee alikuwa anasemaje? Akaniambia, alikuwa anaomba waliweke jeneza kivulini pale ukutani, wapungue, kumi waende, wengine wabaki. Alikuwa anatii amri, mzee. Alikuwa ananiambia anatii."

"Alipona?"

"Sijui. Nani angenijibu?" Akachukua nyundo. "Nilikuwa natumwa kulinda nini, wewe uliyeandika?"

Nilianza kumweleza kwamba neno lilikuwa la Bosi. Nilifika katikati ya sentensi nikaisikia sauti yangu, nikaiacha hapo. Fundi mwenzake aliwasha mashine ya kusugua rangi, na hatukuweza kusikilizana tena. Nikaondoka.

Somoe alikuja kwangu Jumapili iliyofuata. Hakukaa. Mke wangu alimletea kiti, akakiacha hapo hapo ukumbini kama mgeni asiyekijua.

"Nakuuliza mara moja tu, kaka. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ile pale kwenye benchi?"

"Tangu kabla yake. Niliandika mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. "Ungeniambia ni upolisi wa kuwapiga watu kwao, ningesema hapana, na mtoto angenisikia. Mie nilikuja kukuuliza wewe ili nisimuulize mtu mwingine." Kisha akamuaga mke wangu kwa heshima zote, akaenda.

Niliendelea na kazi miaka minne baada ya hapo. Hili pia nalikiri, kwa sababu mtategemea kusikia kwamba niliacha kwa hasira. Sikuacha. Nilisaili, nilitafsiri, niliandika neno sahihi kila mahali na kujiona nimetubu, wakati mikataba mibaya sasa ilitafsiriwa na kijana mwingine chumba cha pili. Waliponistaafisha walinipa saa ya ukutani. Bosi alisoma hotuba kuhusu uadilifu, na mimi nilipiga makofi pamoja na wengine.

Yaliyo ya kuwafaa ni machache. Msomee mtu mkataba wake kwa maneno ambayo mama yake atayaelewa. Ukikuta fomu inayomkataa mtu kwa sababu anaijua lugha ya kule anakopelekwa, usitafute maelezo, funga jalada. Na ukiona mwenzako mwenye watoto sita anachukua ndoo yake anaondoka, usibaki unamhurumia. Mzee Mapande alifariki kijijini kwake Tunduru, nami sikwenda kuzika. Niliona aibu kusimama mbele ya watu wake.

Mwezi uliopita Shaibu alioa. Ndoa ilifungwa Manzese, na niliijua baada ya kwisha, kwa picha iliyoingia kwenye simu ya mke wangu. Kwetu hakuna ndoa bila mjomba. Mahali pangu, pembeni ya bwana harusi, amesimama fundi mkuu wa ile karakana, mtu wa Kigoma, si wa ukoo wetu wala wa kusini, amevaa kanzu, na mkono wake uko begani kwa kijana. Somoe yuko nyuma yao, anacheka kwa meno yote.

Nilikuwa na dada mmoja, naye ana mtoto mmoja tu, wa kiume. Wote wawili wazima, wako mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa, na nimewapoteza. Duniani hakuna mtu mwingine wa kuniita mjomba, na huyo aliyepo amechagua mwingine.